Maji Miguuni pa Mama

4 Machi

Kwa shemeji yangu muuza magari,

Salamu nyingi. Natumaini huko yadi u mzima na magari yako yanaendelea kumeta. Huku sisi hatujambo, dada yako hajambo, watoto hawajambo. Wenye matatizo ni wawili tu, mama yenu na gari lako.

Naandika barua kwa sababu simu yako haipatikani tangu siku uliyotukabidhi funguo. Anayekuletea ni dereva wa lori la mahindi, ambaye kila wiki anapakia kwetu ghalani na kupita hapo kwako. Nimemwambia asiondoke mpaka akuone unaisoma.

Shemeji, gari linaingiza maji. Jumatano nilimpeleka mama kliniki kufungwa kidonda cha mguu. Sukari yake unaijua, na unajua gari tulilinunua kwa ajili ya mguu huo, maana pikipiki yangu hawezi kuipanda. Alikaa mbele. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nilipokata kona ya sokoni, kapeti la upande wake likatema maji na bandeji yote ikalowa. Nesi akamuuliza, "Mama, umekuja kwa gari au umevuka mto?" Kisha akanivuta pembeni akaniambia kidonda kile kikizoea maji, vidole vitakatwa.

Unajua mama alijibu nini? "Mwanangu hawezi kunipa gari bovu. Huyu hapa ndiye anayeosha vibaya." Mbele ya foleni nzima. Mimi, niliyekuwa nimemshikia viatu.

Naomba unieleze maji yanaingilia wapi.

Shemeji yako,
Mume wa dada yako


9 Machi

Shemeji Bwana Stoo,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, nalala, nacheka, na nimecheka zaidi baada ya barua yako. Huyo dereva alikaa ananikodolea macho mpaka nikamaliza kusoma, kama nesi anayesubiri mtoto ameze dawa. Simu yangu ilidondoka kwenye ndoo ya kuoshea magari. Hiyo ndiyo habari yake, usiitafutie nyingine.

Tuje kwenye gari. Gari halina kosa. Limekaa hapa yadi kwangu miezi minne sikuona tone. Tatizo ni kwamba limeenda kuishi na msomi. Nyie mliosoma mkiona maji mnaandika barua. Mtu wa kawaida anainua kapeti.

Sasa nisikilize, nakueleza taratibu kama namweleza mtu aliyegongwa kichwani. Ng'oa kapeti, anika juani. Usilifute juu juu kwa kitambaa, kwa sababu chini yake kuna sponji nene kama godoro, na hiyo ndiyo inayokunywa. Halafu funua boneti, angalia kile kibaraza cha plastiki chini ya wipa. Majani yakidondokea humo yanaoza, yanaziba njia ya maji, na maji yakikosa njia yanahamia ndani na kujifanya ndugu. Toa majani.

La mwisho, na hili lisikie kwa masikio yote mawili, usiende kwa fundi wa silikoni. Fundi akikuona na hilo shati lako la pasi na kalamu tatu mfukoni, anafurahi kama kunguru aliyeona sabuni. Atakupaka silikoni mpaka kwenye honi.

Mama mwambie namsalimu sana. Kuhusu kuosha kasema kweli. Wewe unaosha gari kama mtu anayezima moto.

Shemeji yako wa pekee


17 Machi

Shemeji,

Salamu. Hatujambo, mama anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri. Nimemwambia unakula na kucheka.

Majani niliyakuta, konzi tatu, na minyoo juu yake. Niliyatoa. Kwa hilo asante. Mvua ya Ijumaa ilivyonyesha, kapeti likalowa vilevile.

Nikaenda kwa fundi. Najua ulinikataza, lakini ushauri wa mtu ambaye simu yake imedondoka kwenye ndoo naupokea kwa kipimo. Fundi alipaka silikoni kuzunguka kioo cha mbele, taa za nyuma na reli za juu ya paa. Mimi sikukaa kivulini kunywa soda kama wateja wengine. Nilikagua, kama ninavyokagua kazini. Miaka kumi na tisa natunza mahindi ya watu, na ghala lina sheria moja tu: tundu lolote lizibwe kabla panya hajaliona. Chini ya kila mlango wa gari nilikuta matundu matatu. Fundi alikuwa hajayaona kabisa. Nilimwonyesha mimi, kwa kidole, akayaziba yote kumi na mawili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hali sasa imezidi. Nikikanyaga breki milango inalia chubwi. Mama ameniuliza kama nimepakia mitungi. Jumatano alifika kliniki bandeji imelowa mpaka kwenye kisigino, na nesi safari hii hakutania.

Shemeji yako


22 Machi

Shemeji,

Hujambo? Mimi sijambo ila mbavu. Barua yako nimewasomea wenzangu hapa yadi, mmoja ikabidi akae chini.

Matundu kumi na mawili. Kwa kidole chako. Hata fundi mjinga aliyapita akayaacha, ukamrudisha.

Shemeji, mlango wa gari si ghala. Mlango umeumbwa unywe maji. Kioo kinapanda na kushuka, mvua inafuata kioo, inateremka tumboni mwa mlango, inatokea chini kwa yale matundu, inaenda zake. Magari yote yako hivyo, la tajiri, la maskini, la kubebea maiti. Wewe umeutazama mlango ukaona panya. Umemziba mgonjwa njia ya haja ndogo halafu unaniandikia kwamba anavimba. Na hiyo methali ya ufa, aliyeitunga alikuwa na nyumba. Gari hakuwa nalo.

Chukua bisibisi, zibua yote. Tega ndoo.

Ukimaliza, umtafute mwizi kwa akili. Mnatakiwa watu wawili. Dada akae ndani na tochi, wewe nje na mpira wa maji. Amwage unga sakafuni, mwembamba, kwa sababu unga hauna unafiki, tone likipita linaacha njia kama konokono. Wewe anza kumwagia chini kabisa, upande polepole, mlango, kioo, halafu ndiyo paa. Ukianzia paa, maji yatateremka kila pahali na mwizi atajichanganya na watu. Na usimwage kwa nguvu. Mvua haina hasira, mwenye hasira ni wewe.

Dada ndiye akae ndani kwa sababu ana macho. Wewe una miwani.

Mama mpe salamu zangu mbili, ya asubuhi na ya jioni.

Shemeji yako mwenye mbavu mbovu


30 Machi

Shemeji,

Salamu. Watoto hawajambo. Dada yako hajambo ila hasemi sana, na sababu utaiona.

Nilizibua. Milango minne ilitoa ndoo moja na robo. Majirani walikuja kutazama, mmoja akaniuliza kama nauza. Kwa hilo umenishinda, nakubali, na sitalirudia.

Jumamosi tukafanya jaribio lako. Dada yako ndani, tochi mkononi, unga sakafuni. Mimi nikaanza chini. Kimya. Nikapanda kwenye mlango wa mbele wa abiria, nikafika kwenye kioo, akapiga kelele, "Hapo hapo, acha." Unga ulikuwa umepata njia, nyembamba, inatoka nyuma ya kava la ndani la mlango, inashuka moja kwa moja pale mama anapoweka mguu.

Tukafungua kava. Nyuma yake kuna spika kubwa kama sahani ya pilau ya harusi. Na pembeni mwa chuma, mzunguko mzima, kuna gundi nyeusi iliyobaki na vipande vya nailoni, vimechanwa. Tukafungua mlango wa dereva. Vilevile. Tukafungua wa nyuma, ambao hauna spika mpya. Kumbe mlango una shuka la nailoni, limebandikwa kati ya chuma na kava, ili maji ya ndani ya mlango yasihamie kwa watu. La nyuma lipo. Ya mbele hayapo.

Dada yako aliitazama ile spika. Akasema, "Huyu ni mdogo wangu," akaenda ndani. Kwa hiyo sikuulizi nani.

Nakuomba kitu kimoja. Mama hataki kupanda gari la kukodi. Anasema, "La mwanangu lipo nje, nikodiwe la watu kama yatima?" Nikimwambia lina maji anasema nina wivu na wewe. Dada yako akimwambia, anasema nimemfundisha. Kuna mtu mmoja tu anayemwamini. Mwandikie mistari miwili, umwambie gari ni bovu, asilipande mpaka nimalize. Mimi nitamsomea.

Shemeji yako


5 Aprili

Shemeji,

Salamu kwa wote, na dada mwambie asininunie, uso wake ukikunjwa haunyooki haraka.

Umejitahidi. Kwa mtu wa kalamu, kufungua kava la mlango bila kulivunja si mchezo. Kuhusu nailoni, shemeji, haya magari yanapita mikono mingi. Labda mwenye gari wa kwanza. Labda panya, si wewe mtaalamu wa panya? Mambo ya nani alifanya nini hayakaushi kapeti. Nunua nailoni ngumu, ile ya kufunikia saruji. Kata kwa kufuata umbo la mlango, piga gundi pande zote, chini iache ikunjie ndani ya mlango ili maji yarudi matunduni. Hapo kwenye kukunjia ndipo wengi wanapokosea, nawe usijiunge nao. Kazi ya nusu saa. Wewe utatumia siku mbili, na utachora ramani kwanza, lakini utamaliza.

Kumwandikia mama kwamba gari ni bovu, hilo hapana. Shemeji, mimi hapa mjini nina majina mengi. Nyoka naitwa, kinyonga naitwa, kuna mama mmoja amenibatiza mchwa. Mdomo unaonisifia duniani ni mmoja tu, unataka niuzibe kwa silikoni? Wewe una mshahara na watu wanasimama ukiingia. Mimi nina mama.

Wewe tengeneza, naye atapanda kavu, hatajua kitu. Kipande hiki msomeeni:

Mama, shikamoo. Mwanao nipo salama. Gari ni zima, usisikilize maneno ya watu wenye miwani. Panda utambe.

Shemeji yako


19 Aprili

Shemeji,

Barua yako ilifika nikiwa kazini. Mama aliagiza asomewe, mtoto wetu mkubwa akamsomea kile kipande chake. Alikiomba mara tatu.

Nailoni nilikuwa nimebandika siku ileile asubuhi. Wiki nzima mvua ilikuwa inanyesha na kuacha, chuma kilikuwa na unyevu, gundi ikagoma. Jumatano nikaita teksi. Nilipotoka nje nikamkuta mama ameshakaa kwenye gari lako, kiti cha mbele, mkanda ameufunga mwenyewe, mkoba mapajani. Nikamwambia, "Mama, teksi ipo." Akasema, "Mwanangu ameandika ni zima. Wewe unataka nini?" Dada yako alimsihi. Teksi ikaondoka.

Mvua ilitukuta katikati ya safari. Nailoni ikabanduka nikiisikia. Nilikuwa nimemwekea mguu juu ya sanduku la zana, lakini maji yalitokea juu zaidi, usawa wa spika, yakamwagikia mguu wenyewe. Foleni ilikuwa haisogei. Alikaa hivyo karibu saa nzima na hakusema neno, ili nisipate la kusema.

Ijumaa wamekata kidole kimoja. Kile kidogo. Daktari anasema cha pili anakiangalia.

Alipozinduka jambo la kwanza alinikataza nisikuandikie. Alisema utakosa usingizi. Nimeandika.

Mume wa dada yako


23 Aprili

Shemeji,

Barua hii msomee mama, dada awepo, na uisome kama ilivyo. Usininyooshee maneno.

Mama, shikamoo. Pole kwa kidole. Nimeshinda na barua ya shemeji siku nzima, wateja wamekuja wameondoka.

Mama, gari ni bovu. Si shemeji aliyeosha vibaya. Yeye ana makosa yake, matundu kumi na mawili ameyaziba kwa hiari, na hilo nitamcheka mpaka nizikwe. Lakini yale maji ya mguuni kwako ni yangu. Gari lilipofika hapa milango ilikuwa na nailoni zake, nzima, zimekaa vizuri. Mimi ndiye niliyezichana. Nilitaka kuweka spika kubwa, kwa sababu mteja akiwasha redio mlango ukatetemeka, hakumbuki tena kuuliza habari za injini. Ndivyo walivyo wateja, wajinga, na ndivyo ninavyokula. Sasa ukishachana, unatakiwa ukate nailoni mpya ubandike. Nusu saa. Hiyo nusu saa sikuwapa wale wajinga, na siku lilipokuwa gari la dada yangu, la mguu wako, sikuitoa pia. Mkono ulishazoea.

Kwamba sikuona tone, ni kweli. Gari lilikuwa chini ya turubai miezi minne. Mtu akitaka asione, turubai ni kitu kizuri sana.

Mama, wewe unawaambia watu mwanangu ana yadi. Yadi ina mwenyewe. Mimi namuuzia, na ananipa chumba cha nyuma, kilipokuwa stoo ya matairi. Bati limetoboka juu ya kitanda, na mwenye yadi nikimwambia anasema kwani wewe ni sukari. Zile nailoni za milango situpi. Za magari saba nimeziunga kwa utepe, nimezifunga chini ya bati, juu ya kitanda. Mvua ikinyesha zinatuna kama tumbo la mbuzi, asubuhi naamka mkavu. Za gari lenu ndizo ziko katikati. Zilikuwa nzuri kuliko zote.

Kwa hiyo ulivyokuwa unalowa miguu, mimi nilikuwa nimelala chini ya shuka lako.

Usilipande lile gari mpaka yule bwana wa miwani aseme. Mimi nikikwambia kitu ni kizima, kamuulize yeye kwanza. Ni mtu wa kuchosha lakini hana uongo, hata ule mdogo wa kumsaidia mtu.

Shemeji, chuma ukipanguse kwa petroli, kikauke, ndipo upige gundi. Hilo sikukuandikia mwanzo. Nilidhani litakushinda ndiyo nicheke.

Mwanao


2 Mei

Shemeji,

Salamu. Sisi hatujambo, na mama anaendelea, nitakuambia.

Nilimsomea Jumapili mchana, dada yako akiwepo. Sikunyoosha neno. Nikiri kwamba siku hiyo nilikuwa naisubiri. Miezi miwili nimeitwa mwosha magari ndani ya nyumba yangu. Nilisoma polepole, na pale pa kuchana nailoni nikapunguza mwendo zaidi. Nilimaliza, nikakunja barua, nikavua miwani, nikasubiri aseme.

Akaniomba nirudie kipande kimoja. Nilidhani ni pale pa matundu, nikaanza kutafuta. Akasema, "Siyo huko. Pale pa kitanda." Nikarudia pale pa kitanda. Akauliza, "Kwa hiyo anaamka mkavu?" Nikamwambia ndivyo anavyoandika. Akauliza, "Na akilala upande wa ukutani?" Nikamwambia hilo hukuandika. Dada yako alitoka nje.

Jumatano teksi ilikuja akapanda nyuma, akanipa viatu nimshikie, hakutaja gari la mtu. Nesi kafungua bandeji kakuta pakavu. Kidole cha pili kina nyama nyekundu, na wanasema hiyo ndiyo rangi inayotakiwa. Hawajasema zaidi ya hapo.

Petroli imefanya kazi. Nimemwagia maji mara nne, kuanzia chini, na unga umebaki kama ulivyomwagwa. Spika nimezitoa, nimezifunga kwenye gunia, dereva atakurudishia.

Nilikusudia pia kukudai zile nailoni mbili. Sina haja nazo, nilitaka tu uzifungue kwa mkono wako siku ya mvua. Nililisema hilo mezani. Mama akaniangalia kama ulivyokuwa ukiniangalia wewe siku ya posa. Ameniagiza niandike hivi, na naandika: asizitoe.

Jibu lile swali la ukutani. Ananiuliza kila nikirudi kutoka kazini.

Shemeji yako